Betri ya Pili Haizalishi Umeme: Muziki wa Magari Kuanzia Chimwaga hadi Msalato

Dalili huwa ni ileile. Gari linapanda kilima cha Chimwaga, Dodoma, usiku, sabufa inapiga, na kila besi inapogonga taa za mbele zinafifia. Kesho yake mwenye gari anakwenda kwa fundi umeme mjini na kuambiwa kwamba betri imezidiwa, afunge nyingine nyuma. Anatoa fedha, betri ya pili ya N70 inawekwa kwenye buti, na kwa wiki kadhaa muziki unakuwa mnene kweli. Kisha asubuhi moja gari haliwaki. Likishabustiwa na kupimwa, betri zote mbili zimechoka.

Ushauri huo wa kuongeza betri unawafaa watu wachache, hasa wale wanaopiga muziki injini ikiwa imezimwa. Wengine wote wananunua kitu ambacho hakigusi tatizo lao. Nasema hivyo kwa sababu betri ni bidhaa ghali, na wanaoingia gharama hiyo hapa Dodoma wengi wao ni watu wanaotafuta riziki kwa sauti: wenye daladala zinazopeleka wanafunzi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wenye Noah za misafara ya harusi, na vijana wa magari ya matangazo ambao kila Jumamosi utawakuta mnada wa Msalato.

Chimwaga yenyewe imezoea vipaza sauti tangu zamani. Kabla ya UDOM kuanzishwa hapo mwaka 2007, jina hilo lilijulikana nchi nzima kwa ukumbi wa mikutano wa CCM, na mikutano ya namna ile haiendi bila spika. Baada ya Rais Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, na mji kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, watu waliongezeka na magari yakaongezeka, na biashara ya kufunga muziki kwenye magari ikafuata.

Kwenye gari linalotembea, chanzo cha umeme ni altaneta. Injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha altaneta, na altaneta inatoa volti kati ya 13.8 na 14.4. Betri ya maji iliyojaa, ikiwa imepumzika, ina volti 12.6 au 12.7. Hiyo maana yake ni kwamba, kwa muda wote ambao altaneta inamudu kazi yake, betri haitoi chochote. Inapokea. Itaanza kutoa pale tu volti ya mfumo mzima itakaposhuka hadi karibu 12.7, na hapo amplifaya imeshapungukiwa nguvu na taa zimeshafifia. Mkazi wa Dodoma anayeishi kwa mgao wa maji ataelewa haraka: simtanki la pili uani haliongezi maji yanayokuja bombani, linahifadhi tu, na likikauka nalo linasubiri bomba lilelile.

Tuchukue gari dogo la kawaida lenye altaneta ya ampea 80. Usiku, taa za mbele, pampu ya mafuta, feni ya rejeta, plagi na feni ya kiyoyozi vinaweza kula ampea 35 hadi 45. Weka amplifaya ya kisasa ya daraja D yenye wati 1,000 za kweli, zile ambazo inaweza kuzitoa mfululizo, na si wati 3,000 zilizoandikwa kwenye boksi. Ikipigwa hadi mwisho inavuta karibu ampea 90. Muziki hauko mwisho muda wote, kwa hiyo wastani wake ni kama theluthi moja, ampea 30. Gari likiwa barabarani kwa kasi, hesabu inakubali: 80 toa 45 inabaki 35, na muziki unataka 30. Lakini altaneta haitoi ampea 80 injini ikiwa inanguruma taratibu bila mwendo. Nyingi hutoa nusu tu. Gari likisimama kwenye foleni au likingoja abiria huku muziki ukilia, kiasi chote cha muziki kinatoka kwenye betri, iwe moja au tatu. Kama muziki wenyewe ni singeli, ambayo besi yake haipumziki, wastani wa theluthi moja hautoshi hata kukadiria.

Betri ya ziada hapo inachelewesha tatizo. Kilichotolewa lazima kirudishwe, na wa kukirudisha ni altaneta ileile iliyokuwa imeshindwa, ambayo sasa ina betri mbili za kujaza pamoja na muziki wa kulisha. Tena betri ya risasi haijazwi haraka. Robo ya mwisho ya chaji inaingia polepole, kwa saa kadhaa, hata altaneta ingekuwa kubwa namna gani. Safari fupi za mjini hazifikishi huko. Betri inayoishi nusu tupu inaota ukoko wa salfeti kwenye sahani zake, na ukoko ukishakomaa uwezo hauponi. Gari linaloendeshwa dakika 15 kutoka Ng'ong'ona hadi mjini na kurudi, muziki juu, ni mahali pabaya sana pa kuweka betri mbili.

Joto nalo lina sehemu yake. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na usiku wa Juni na Julai una baridi, lakini Oktoba na Novemba mchana hufika nyuzi 30 na kuzidi, na chini ya boneti ni zaidi sana ya hapo. Kanuni inayotumiwa na watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri wa betri ya risasi kwa karibu nusu. Kwa upande huo buti ni mahali pazuri kuliko boneti. Ubaya wake ni kwamba betri ya maji inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo, pamoja na mvuke wa asidi. Haipaswi kukaa mahali wanapokaa abiria. Anayefunga betri nyuma ya siti za Noah atumie iliyofungwa kabisa, aifunge kwa mkanda wa chuma isitembee, na aipe njia ya hewa.

Sasa daladala. Coaster nyingi za dizeli, Rosa na Fuso zina mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Redio na amplifaya za kawaida ni za volti 12. Njia rahisi ya fundi ni kuchomoa waya katikati, kwenye betri moja, na muziki unalia siku hiyohiyo. Nimeona jambo hili likifanywa na mafundi wazuri tu katika kazi nyingine, na gharama yake hulipwa na mwenye gari bila kujua anailipia nini. Altaneta inasukuma umeme uleule kupita betri zote mbili, lakini moja inanyonywa na muziki na nyingine hainyonywi. Inayonyonywa inabaki na njaa muda wote. Mwenzake anajazwa kupita kiasi. Katika jumla ya volti 28 za chaji, moja inaweza kukaa kwenye 12.8 na nyingine ikapanda hadi 15.2, na kwa volti hiyo maji yake yanachemka na kuisha. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa, kila moja kwa sababu yake, na lawama inakwenda kwa muuza betri. Kuongeza betri ya tatu sambamba na ile inayonyonywa kunazidisha tofauti. Kinachotakiwa ni kifaa cha kushusha umeme kutoka volti 24 hadi 12 chenye uwezo wa ampea zinazovutwa na amplifaya, au kisawazishi kinachofungwa kati ya betri hizo mbili. Mwenye Coaster akisoma aya hii moja tu na kuacha nyingine zote, nitaridhika.

Waya husahaulika zaidi kuliko betri. Amplifaya iko nyuma, betri iko mbele, umbali wa mita tano, na umeme unakwenda na kurudi, mita kumi. Kwa waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, ampea 100 zinapoteza volti 1.1 njiani. Kwa waya wa milimita 50 hasara inashuka hadi theluthi moja ya volti. Volti moja inaonekana ndogo, lakini amplifaya nyingi hupoteza nguvu kwa mraba wa volti: ile iliyokuwa inapata 14.4 ikipata 12 imebaki na asilimia 70 hivi ya wati zake. Mtu anaweza kurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo kwa kubadilisha waya, kusugua rangi mahali ethi inapofungwa kwenye bodi ya gari, na kuongeza waya mnene kutoka altaneta hadi betri na kutoka injini hadi bodi. Waya wa mashine ya kuchomelea ambao mafundi wengi huutumia ni shaba nyembambanyembamba na unafaa, mradi ukae mbali na mafuta na sehemu za moto. Wa kuogopa ni ule waya mnene wa bei ya chini wenye alumini ndani na shaba kwa juu. Unaonekana mkubwa lakini unabeba pungufu.

Fyuzi kubwa ikae karibu na betri, ndani ya nusu mita, na kama kuna betri mbili, kila moja na ya kwake, kwa sababu waya unaounganisha betri mbili una umeme pande zote mbili. Ukichubuka na kugusa bati, betri ya ukubwa wa N70 ina uwezo wa kumwaga mamia ya ampea kwa sekunde chache. Hapo gari linaungua. Katika mambo yote ya fundi ninayoyajadili hapa, hili peke yake ndilo nisiloweza kulivumilia likiachwa kwa sababu ya kubana matumizi.

Basi betri ya pili ina haki yake wapi? Pale injini inapozimwa. Gari la matangazo linaloegeshwa mnadani, sherehe ya kipaimara isiyo na umeme wa uhakika, vijana wanaosikiliza muziki uwanjani jioni: hawa wanahitaji hifadhi, na kwao hesabu ni ya saa. Namba iliyo kwenye betri hupatikana kwa kuitoa polepole kwa saa 20. N70 ni ampea 3.5 kwa saa hizo. Ukiivuta ampea 30 haitoi zote 70, na ukitaka idumu usivuke nusu. Usitarajie zaidi ya saa moja ya muziki mkubwa kwa N70 moja. N150 mbili zinakupa jioni nzima, lakini ikumbukwe kwamba zinatakiwa kujazwa upya. Betri za kuwashia gari zina sahani nyembamba na hazipendi kumalizwa. Kwa kazi hii ni bora betri ya solar, yenye sahani nene, inayostahimili kushushwa nusu mara mamia kadhaa. Pima kwa mita: 12.2 ikiwa imepumzika ni nusu, na hapo zima.

Betri hiyo na ya kuwashia gari ziunganishwe kwa rilei kubwa inayojifunga injini inapowaka na kujifungua inapozimwa, ili ya kuwashia gari isiguswe na muziki. Betri mpya isiunganishwe na kuukuu, kwa kuwa kuukuu huivuta mpya usiku kucha. Na kwa anayefikiria kapasita kubwa zenye taa za bluu, hizo zinasaidia kwa sehemu ya sekunde tu.

Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma zinaingia sokoni, nyingi kutoka China, na zina sifa za kweli: nyepesi, zinavumilia kushushwa sana, na hudumu mizunguko zaidi ya 2,000. Lakini upinzani wa ndani wa betri hiyo ni mdogo mno, kiasi kwamba ikiwa tupu hunyonya kila kinachotoka kwenye altaneta hadi altaneta inaungua. Inahitaji chaja maalumu katikati inayodhibiti ampea. Anayeifunga moja kwa moja kwa altaneta ya Hiace anahamisha gharama kutoka betri hadi altaneta.

Jambo ninalolipenda zaidi katika suala hili liko vijijini Ugogo, nchi ya Wagogo, na lilikuwepo kabla ya haya yote. Kabla Wakala wa Nishati Vijijini, REA, haujaanza kazi mwaka 2007, familia iliyotaka redio au televisheni ilikuwa na betri ya gari bila kuwa na gari. Betri ilifungwa kwenye baiskeli, ikapelekwa mahali penye umeme, ikachajiwa kwa malipo, ikarudishwa nyumbani. Watu wale walielewa kwamba betri inajazwa sehemu moja na kutumika sehemu nyingine. Gari la matangazo likifuata utaratibu huo, gharama inashuka sana. Kujaza betri ya ampea 100 kwa chaja ya nyumbani kunakula uniti moja na nusu hivi za TANESCO. Kwa bei ya kawaida ya majumbani pamoja na kodi, hiyo ni chini ya shilingi 600. Injini inayonguruma mahali pamoja kwa ajili ya muziki hunywa karibu lita moja ya petroli kwa saa, na lita ni zaidi ya shilingi 2,500. Na jua lipo: paneli ya wati 200 juu ya Canter, kwa jua la uwanda huu, inaweza kurudisha karibu uniti moja kwa siku, na inafanya kazi hiyo gari likiwa limeegeshwa Msalato.

Zaidi ya hayo, gari la matangazo halihitaji wati nyingi linazodhaniwa kuhitaji. Spika ya honi, ile pembe ya chuma ya misikitini na kwenye mikutano, kwa wati moja na umbali wa mita moja hutoa karibu desibeli 107. Spika ya kawaida ya gari hutoa kama 88. Tofauti hiyo ya desibeli 19 ni sawa na kuzidisha wati karibu mara 80. Kwa hiyo honi ya wati 50 inatangaza mbali kuliko sabufa za maelfu ya wati, na N70 moja inaweza kuilisha mchana mzima, kwa sababu maneno yana mapumziko mengi kuliko muziki. Honi haina besi, na anayetaka kuvuta watu kwa muziki kabla ya tangazo atahitaji spika nyingine. Hata hapo, aanze na spika yenye usikivu mkubwa na boksi lililojengwa kwa vipimo. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida. Ili sauti isikike imekuwa maradufu zinatakiwa wati mara kumi. Wamarekani wanaoshindana kupima kelele za magari hujaza betri nyingi nyuma ya gari, na kwao ni sahihi, kwa sababu mlio wao ni wa sekunde chache. Waliozifunga hapa kwa kuiga video zao wanapiga muziki wa saa nne.

Ugogo una sauti kubwa isiyohitaji waya. Ngoma ya muheme, inayopigwa na wanawake, inasikika mbali kwa nguvu za mikono na ufundi wa ngozi iliyowambwa vizuri. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizifikisha ala za ilimba na zeze za Wagogo kwenye majukwaa ya dunia. Nakumbusha hili kwa sababu ubora wa chombo na mpigaji hutangulia nguvu, na hesabu ya desibeli inasema hivyohivyo.

Sauti pia ina majirani. Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinawahusu wenye magari kama zinavyowahusu wenye baa. Mikutano ya kampeni yenyewe hufungwa saa 12 jioni. Chimwaga ina maelfu ya wanafunzi wanaolala na kusoma kwenye mabweni yaliyo kilimani, mahali ambapo besi inafika bila kizuizi, na Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kuwa kikomo salama cha masikio. Kondakta na dereva wa daladala wanakaa ndani ya sauti hiyo zaidi ya saa 40. Wao ndio wa kwanza kuumia, na ndio wasioulizwa.

Halafu kuna mwisho wa betri. Kila betri iliyokufa kabla ya wakati ni kilo kadhaa za risasi na asidi. Nyingi huchukuliwa na wanunuzi wa chakavu, asidi ikamwagwa chini. Mombasa, Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwapa sumu ya risasi wakazi, watoto wakiwemo. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigania haki yao hadi akapata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Dodoma bado ina nafasi ya kujipanga kabla ya kufika huko. Anayeuza betri mpya apokee kuukuu ikiwa na asidi yake, na aipeleke kwa mwenye kibali cha taka hatarishi.

Ombi langu kwa mwenye gari ni hili. Kabla hujalipia betri ya pili, mwambie fundi aweke mita kwenye vichwa vya amplifaya, injini ikiwaka na muziki ukiwa juu, kisha aiweke kwenye vichwa vya betri. Tofauti ikizidi nusu volti, badilisha waya. Zote mbili zikiwa chini ya 13, shughulikia altaneta na mkanda wake. Zikiwa juu ya 13.5 na bado huridhiki na muziki, nunua spika bora. Ukishapita hapo, na unajua utapiga muziki saa ngapi gari likiwa limezimwa, nenda dukani ukanunue betri ya saa hizo.